Dola ya Kwanza ya Mvulana

Kila mwaka, kabla ya mitihani ya taifa ya kidato cha sita inayofanyika mwezi wa Mei, shule za bweni za wavulana katika nchi yetu hufanya mahafali ya kuwaaga wanafunzi wanaohitimu, na mwenye kuyahudhuria hujionea mambo mengi ya kuukunjua moyo: wazazi waliosafiri usiku kucha kwa mabasi kutoka mikoa ya mbali wakiwa na vitenge na kanzu zao za sikukuu, walimu waliosahau kwa siku moja wingi wa madaftari ya kusahihisha, na wahitimu wenyewe, vijana wa miaka kumi na tisa au ishirini, wamesimama wima katika mashati meupe yaliyopigwa pasi ya mkaa, kila mmoja akitafutwa kwa macho na mama yake. Husomwa risala mbele ya mgeni rasmi, na ndani yake hutajwa uchakavu wa mabweni, upungufu wa walimu wa fizikia na hisabati, na ubovu wa pampu ya maji. Mgeni rasmi hujibu kwa nasaha na ahadi. Kisha hutolewa zawadi kwa aliyeongoza katika kemia, aliyeongoza katika jiografia, mwanamichezo bora, na kaka mkuu anayemaliza muda wake. Haya yote ni mema na yana haki ya kufanywa. Walakini katika mahafali yote niliyobahatika kualikwa, kama mzazi na kama rafiki wa walimu, sijasikia bado likiulizwa hadharani swali ambalo kwa maoni yangu lingestahili kutangulia mengine yote: huyu kijana anayeaga leo, aliyekuwa mkubwa katika bweni lake, aliwatendea nini wadogo waliokuwa chini ya mkono wake?

Nauliza hivi kwa sababu shule ya bweni ya wavulana ni dola, ndogo kwa eneo lakini kamili kwa sifa zake, na raia wake aliye dhaifu kuliko wote ni mtoto wa kidato cha kwanza. Mtoto huyu ana miaka kumi na mitatu au kumi na minne. Amewasili mwezi wa Januari na tranka la bati, godoro, ndoo, fyekeo lililoagizwa katika fomu ya kujiunga, na machozi aliyoyameza pale stendi ili baba yake asiyaone. Mkuu wa shule atamwona paredini tu, kwa mbali. Mwalimu wa zamu atampita akielekea ofisini. Na mtawala wake wa kweli, wa mchana na hasa wa usiku, atakuwa ni mvulana mwenzake aliyemzidi miaka mitano au sita, ambaye kitanda chake kiko hatua mbili kutoka chake. Mkubwa huyu ndiye aamuaye nani achote maji kwanza bomba linapotoa kwa saa moja tu, nani afue nguo za nani siku ya Jumamosi, nani apige deki kwa zamu isiyo yake, karanga na sukari zilizofungwa na mama nyumbani ziliwe na nani, na kama mdogo aliyeshikwa na homa usiku wa manane atasindikizwa zahanati au ataambiwa anyamaze watu walale. Hapo ndipo mtoto hujifunza kwa mara ya kwanza, nje ya nyumba ya wazazi wake, mamlaka ni kitu gani na hukaa mikononi mwa watu wa namna gani. Na mkubwa naye, bila ya kujua, hupata pale pale mazoezi yake ya kwanza ya kutawala binadamu.

Sisemi kwamba kila mkubwa ni dhalimu. Hasha. Wala sisemi kwamba utani wanaofanyiwa njuka, kama mabweni yetu yanavyowaita wageni, ni dhambi ya kupigiwa mbiu. Kwani kijana aliyeulizwa mbele ya wenzake aimbe wimbo wa kwao, akauimba vibaya, akachekwa, akacheka na yeye, ameshapata marafiki kumi kabla ya taa kuzimwa. Utani una mpaka wake unaojulikana na kila mtu mwenye insafu, nao huvukwa pale anayetaniwa anapokuwa ndiye peke yake asiyecheka. Kupigishwa magoti kwenye sakafu ya saruji, kunyang'anywa nusu ya ugali, kuamshwa saa nane za usiku ili kufua soksi za mtu mzima mwenye mikono yake miwili, haya si utani, na kuyaita mila ya shule ni kuyavisha joho yasilostahiki.

Inafaa tukumbuke mila hiyo ilikotoka, maana wengi hudhani ilizaliwa pamoja na shule zetu na haiwezi kutengwa nazo. Utaratibu wa kuwapa wanafunzi wa darasa la juu madaraka juu ya wenzao ulistawishwa katika shule za bweni za wavulana huko Uingereza, na jina linalotajwa zaidi katika habari hizo ni la Thomas Arnold, aliyekuwa mkuu wa shule ya Rugby kuanzia mwaka 1828 hadi kufa kwake mwaka 1842. Mabweni aliyoyakuta yalijaa ulevi, vita vya ngumi na unyonge wa wadogo, na dawa aliyoitumia ilikuwa kuwafanya wanafunzi wa darasa la sita kuwa walinzi wa murua wa shule, akawapa heshima kubwa na adhabu mikononi mwao, lakini akawataka nao wawajibike mbele yake kwa tabia ya shule nzima. Hata chini yake, utaratibu wa mdogo kumtumikia mkubwa, kumpelekea ujumbe na kumwandalia chai, haukufutwa. Waingereza walipoanza kujenga shule katika makoloni yao walikuja na mpango huo wote, na kwa bahati mbaya madaraka yalivuka bahari upesi kuliko dhamana iliyoyafunga. Shule ya Serikali ya Tabora, iliyoanzishwa katika miaka ya 1920, hapo mwanzo ilikusudiwa zaidi watoto wa machifu, ili watoke humo wakiwa tayari kuwatawala watu wao kwa niaba ya serikali ya mkoloni; na mahali panapokusudiwa kutoa watawala wa namna hiyo, si ajabu kwamba kiranja alijifunza kuona cheo kuwa ni posho kabla hajakiona kuwa ni kazi.

Lakini ni katika shule hiyo hiyo ya Tabora ambamo mvulana mmoja wa Butiama, aliyeingia mwaka 1937 na kukaa hadi mwaka 1942, aliutazama utaratibu huo na asiukubali. Waandishi wa tarehe ya maisha ya Julius Nyerere wanasimulia kwamba aliudhiwa na upendeleo waliopewa viranja, na kwamba hata yeye mwenyewe alipofanywa kiranja hakuona haki ya mtu kupewa zaidi ya wenzake kwa sababu amewekwa kuwasimamia. Tunapenda kumkumbuka katika adhama ya mwaka 1961, katika ofisi na katika majukwaa ya dunia. Mimi hupenda zaidi kumfikiri kijana huyo bwaloni, sahani mkononi, akiwa na njaa kama wenzake wote na akiwa na ruhusa ya kuchukua zaidi. Kwani ni jambo jepesi kulaani upendeleo unaomfikia mwingine, na ni muhali kwa walio wengi kuulaani ule unaotia chakula katika sahani yao wenyewe. Baadaye, akiwa mwalimu katika shule ya Mtakatifu Maria hapo hapo Tabora, na kisha Pugu ambako aliacha kazi mwaka 1955 ili ashike siasa, alikuwa tayari ameshajua upande wake. Na alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, akataka shule ziwe jumuiya ambazo wanafunzi wake hufanya kazi pamoja na kushiriki katika maamuzi yanayowahusu, alikuwa anaandika habari za mahali alipopafahamu kutoka ndani. Mashamba ya shule tuliyalima, mengine mpaka leo tunayalima. Lile la kushiriki katika maamuzi tumelifanya kwa kusitasita, na lile la jumuiya, maana yake mkubwa na mdogo kuwa ni ndugu, tumeliacha lijitunze lenyewe.

Na linapojitunza vizuri, mtu hawezi kuliona bila ya kuguswa. Katika shule zetu nyingi za bweni, baada ya ugali na maharage ya jioni, kengele ya prepu hulia, na madarasa hujaa mpaka saa nne za usiku. Pita nyuma ya madirisha hayo saa hiyo, na pengine utamwona kijana wa kidato cha sita, wa mkondo wa fizikia, kemia na hisabati, ambaye mtihani wake mwenyewe umebakiwa na miezi, amesimama mbele ya ubao uliochubuka akiwafafanulia watoto wa kidato cha pili namna ya kupata thamani ya herufi isiyojulikana. Anaandika, anafuta kwa kiganja, anarudia kwa mfano wa embe za sokoni, anamwuliza yule aliyekaa nyuma ambaye hajasema neno wiki nzima. Hakuna aliyemtuma. Hisabati ni miongoni mwa masomo ambayo kwa miaka mingi yamewaangusha watahiniwa wengi mno wa kidato cha nne nchini, na walimu wa somo hilo ni haba. Serikali huajiri, wizara hupanga, na bado shule moja moja hubaki na mwalimu mmoja kwa mikondo minane. Hazina iliyo karibu kuliko zote ni huyu kijana aliyekwisha kulivuka daraja hilo na ambaye bado anakumbuka, kama mwalimu mtu mzima asivyoweza kukumbuka, ni mahali gani hasa mguu huteleza. Fauka ya hayo, naye hufaidika, maana hakuna anayejua jambo barabara kama aliyelazimika kumweleza mwingine. Nimezungumza na wanaume wenye vyeo na umri, madaktari, wahandisi na wanasheria, na nimewaona wakisahau majina ya walimu wao waliowafundisha miaka minne, lakini wakilitaja bila ya kusita jina la kaka mmoja wa kidato cha juu aliyewaonyesha kitu fulani, usiku fulani, kwa subira.

Kwa hiyo mabweni yetu hutoa wakubwa wa aina mbili, na tofauti yao haitokani na kabila, wala dini, wala mkondo wa masomo, bali aghalabu na namna wao wenyewe walivyopokewa walipokuwa wadogo. Aliyefuliwa shati lake na mkubwa siku aliyougua, hufua la mwingine. Aliyepigwa, naye hungoja zamu yake. Ndiyo maana dhuluma ya bwenini hudumu kuliko majengo: kila kizazi huipokea kama deni, na kwa kuwa aliyekopesha ameshahitimu na kwenda zake, hulipwa na asiyehusika.

Kuna jambo moja katika kalenda yetu ambalo walio nje ya shule hawalifikirii, nalo huongeza ugumu. Kidato cha kwanza huingia Januari, kidato cha sita huondoka Mei, na kidato cha tano huingia Julai; ikawa, katika shule zenye madarasa yote sita, mtoto mpya hupata miezi minne tu au zaidi kidogo ya kuishi na wakubwa wake walio pevu kuliko wote, tena miezi ambayo wakubwa hao wameinamisha vichwa juu ya mtihani wa utamilifu na kisha mtihani wenyewe. Halafu huja kidato cha tano, vijana waliochaguliwa na serikali kutoka kila pembe ya nchi, mmoja kutoka Kigoma, mwingine Newala, mwingine Ngara, na kuletwa mahali wasipopajua. Mara moja wanawekwa juu ya wavulana wa kidato cha tatu na cha nne ambao shule hiyo ni nyumba yao kwa miaka, wanaojua bomba lipi lina maji na mwalimu yupi ana huruma. Mgeni aliye mkubwa na mwenyeji aliye mdogo: hapo ndipo ugomvi mwingi huzaliwa, na hapo pia, kama pana hekima, ndipo undugu wa taifa hili umekuwa ukifumwa, kwa sababu ni katika vyumba hivyo ambamo Mhaya na Mmakonde wamelala kitanda cha juu na cha chini, wakagawana sabuni, wakaja kuwa mashahidi katika ndoa za wao kwa wao. Neema hiyo haikuja kwa ajali. Ilipangwa, nayo ni miongoni mwa mambo bora ambayo nchi hii imepata kuyafanya. Maadamu tulijua kupanga wavulana wa mikoa walale chumba kimoja, sioni kwa nini tushindwe kupanga namna watakavyotendeana wakiwa humo.

Jirani zetu wa Kenya wamelipa kwa machozi ili sote tujue ghadhabu iliyofungiwa bwenini inaweza kufika wapi. Mwaka 1999, katika shule ya sekondari ya wavulana ya Nyeri, viranja wanne walichomwa moto usiku ndani ya chumba chao na wanafunzi wenzao. Mwaka 2001, usiku mmoja wa mwezi wa Machi, bweni la shule ya Kyanguli, wilaya ya Machakos, liliteketea kwa moto uliowashwa makusudi, na wavulana 67 wakafa, madirisha yakiwa na vyuma na mlango mmoja ukiwa umefungwa. Sababu za misiba kama hiyo ni nyingi, na aliyemwaga petroli hana udhuru mbele ya Mungu wala mbele ya watu. Siwezi kumpa hata mmoja. Lakini mtu mzima anayewasomea watoto habari hizi kisha asijiulize ni manung'uniko gani yaliyokuwa yakinong'onwa usiku baada ya usiku, pasipo mwalimu wa kuyasikia, amechukua onyo nusu. Kiranja aliyewekwa kuwa jicho na fimbo ya walimu, bila ya kuwa mdomo wa wanafunzi, amewekwa mahali pa hatari. Na walimu waliomweka hapo walitafuta nafuu yao wenyewe kwa kumtwisha mtoto mzigo wao.

Najua jawabu litakalotolewa na baadhi ya wasomaji, kwa kuwa nimelisikia vijiweni, misikitini, makanisani na katika vikao vya wazazi: mvulana sharti akomazwe, sisi nasi tulipigishwa magoti na leo ni watu wazima tunaolea familia, mtoto asiyeonja shida shuleni atavunjika maishani. Naiheshimu hoja hii kwa sababu wanaoitoa wanawapenda watoto wao. Shida ya shule ya bweni, hata hivyo, haikosekani wala haihitaji kuongezwa: kuamka saa kumi na moja alfajiri kwa kengele, kufyeka uwanja kwenye umande, kusoma kwa taa ya kuchaji umeme unapokatika, kula maharage siku sita za juma, kuwa mbali na nyumbani mwezi baada ya mwezi bila ya kusikia sauti ya mama, kushindwa mtihani na kuusimamia tena. Hayo humkomaza mvulana, na humkomaza pamoja na wenzake, wote wakiubeba mzigo mmoja. Kuonewa ni kitu kingine. Aliyeonewa hujifunza kwamba nguvu ndiyo haki, na kwamba ujanja wa maisha ni kungojea mpaka fimbo ifike mkononi mwake. Na wasomaji wangu wenye hoja hiyo nawaomba wakumbuke, kwa ikhlasi, ni nini hasa kilichowapitisha katika miaka ile, kama ni lile teke la mkubwa mmoja au ni wema wa mkubwa mwingine uliowafanya walistahimili hilo teke.

Tena tazameni wanakokwenda. Kijana wa kidato cha sita tuliyempigia makofi huenda akaitwa kwanza katika Jeshi la Kujenga Taifa, lililoundwa mwaka 1963 na ambalo mafunzo yake kwa wahitimu wa kidato hicho yalisimamishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013, kisha chuo, kisha, katika umri usiozidi miaka ishirini na mitano, ataketi nyuma ya meza yenye foleni mbele yake. Atakuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo, ofisa wa ardhi, daktari wa zamu, mwalimu, mkaguzi wa kodi. Mama aliyetoka kijijini na hati yake ya kiwanja iliyokunjwa mara nne atasimama mbele yake kama njuka alivyosimama zamani, hajui lugha ya mahali, anaogopa kuuliza. Tunapolalamika, na twalalamika kila siku katika kurasa hizi hizi, kwamba wenye ofisi huwajibu wananchi kwa kiburi, na kwamba cheo katika nchi yetu hugeuka upesi kuwa sahani ya pili ya nyama, hatuna budi kuuliza ni wapi vijana hawa walifundishwa kwamba hivyo ndivyo mamlaka inavyovaliwa. Shule ya Alliance, iliyofunguliwa huko Kikuyu mwaka 1926 na ambayo imetoa viongozi wengi wa Kenya, ilichagua wito unaosema kwamba mtu awe na nguvu ili atumikie. Ni maneno machache, na shule yoyote yaweza kuyachora ukutani. Lakini kutumikia kunafunzwa kwa kutumikia, na hakuna mahali pazuri pa kuanzia kuliko bomba la maji lenye foleni.

Hapa yanipasa nisiwabebeshe vijana lawama peke yao, kwa sababu sisi watu wazima nasi tu wakubwa wao, na tunawaaga vibaya. Tangu mwaka wa fedha wa 2022/23 ada ya kidato cha tano na cha sita imeondolewa katika shule za serikali, na mwenye shukrani hatalinyamazia jambo hilo. Lakini kijana wa kijijini akishapewa cheti chake cha mahafali na mkono wa mgeni rasmi, huachwa peke yake mbele ya mlima wa makaratasi: maombi ya chuo, maombi ya mkopo kwa Bodi ya Mikopo, cheti cha kuzaliwa ambacho sharti kihakikiwe na wakala wa usajili, RITA, na vyeti vya vifo vya wazazi kwa aliye yatima. Yote hufanywa kwa mtandao, na kwao huko mtandao hushika juu ya kichuguu tu. Wako vijana wenye akili timamu na alama nzuri waliokosa mkopo kwa jina lililoandikwa tofauti katika karatasi mbili. Shule ingeweza, kabla hawajatawanyika, kumkalisha kila mmoja kwa saa moja na mwalimu mwenye subira, zikatazamwa karatasi zake zote, herufi kwa herufi. Saa hiyo moja ingekuwa hiba kubwa kuliko keki ya mahafali, na mvulana aliyesaidiwa hivyo angejua kwa nafsi yake kusaidiwa kunafananaje.

Ninachokitaka kwa wadogo ni cha namna hiyo hiyo, chepesi na chenye mipaka. Kila mwanafunzi wa kidato cha tano, akishapoa miguu kutokana na safari yake, apewe jina la mtoto mmoja wa kidato cha kwanza au cha pili, awe mlezi wake mpaka siku atakayohitimu: amwone kila jioni, ajue kama amekula, amsaidie hesabu mara mbili kwa juma, ampeleke zahanati, na anapoonewa asimame naye mbele ya mwalimu. Viranja wachaguliwe na wanafunzi wenyewe kwa kura, wale chakula kile kile kwa kipimo kile kile na wawe wa mwisho katika foleni, na mara moja kila muhula waketi mbele ya wenzao na walimu ili waulizwe walichokifanya. Mwalimu wa malezi asiwe ni jina katika orodha tu. Awe na nyumba karibu na mabweni, apunguziwe vipindi, na apite kwa miguu yake saa ambazo wadogo huwa na hofu, yaani baada ya taa kuzimwa na kabla ya mapambazuko. Hili la mwisho litataka fedha, na Wizara itabidi isaidie.

Katika mahafali, pamoja na zawadi ya kemia na ya jiografia, iwepo moja inayotolewa kwa shauri la wadogo, wakiandika kwa siri jina la mkubwa aliyewafaa. Nina yakini kwamba mara nyingi haitakwenda kwa kaka mkuu wala kwa bingwa wa mkondo. Itakwenda kwa kijana ambaye wazazi na wageni hawajapata kulisikia jina lake, na mwalimu wake mwenyewe atashangaa. Itakuwa pia taarifa yenye faida kubwa kwa mkuu wa shule, maana majina ambayo wadogo hawakuyaandika yatamwambia mengi kama yale waliyoyaandika.

Haya mengine hayangoji bajeti wala waraka. Mkuu wa shule anaweza kuyaanza Julai hii hii kwa karatasi moja kwenye ubao wa matangazo, yenye safu mbili za majina, la mkubwa na la mdogo. Na walio katika kidato cha tano sasa, ambao mwezi huo watapanda kuwa kidato cha sita na kuwapokea wageni, waitwe mapema na waambiwe kwamba majina yao nayo yamo katika karatasi hiyo, na kwamba mwalimu wa malezi ataisoma pamoja nao kila mwisho wa muhula.